Besi ya kuunda nyumbani: shingo ya kununua au ya kuchonga, ya skrubu au ya gundi?

Kwenye ukuta wa karakana yangu imetundikwa shingo ya gita la besi ambayo haijawahi kufungwa uzi hata mmoja. Ukiitazama kwa mbele utaipenda: freti 20, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zimekaa vizuri, ubao wa vidole unang'aa. Igeuze. Mgongoni, karibu na freti ya tatu, pana tundu refu la ukubwa wa punje ya mpunga, na ndani yake chuma kinachungulia. Nilikuwa nachonga kwa tupa ya mbao, nikifurahia jinsi shingo inavyozidi kukaa vizuri kiganjani, nikasahau kwamba ndani kuna mfereji wa fimbo ya chuma inayorekebisha upinde wa shingo. Hesabu yake ilikuwa ya darasa la pili na sikuifanya: unene wote milimita 21, ubao wa vidole 6, mfereji 10. Mbao iliyobaki mgongoni ni milimita 5 tu, na tupa haina macho.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza aanze na besi ya namna gani, swali la sauti naliweka kando kwanza. Namuuliza: ukikosea, uko tayari kupoteza nini? Kipande kimoja, au gita zima? Karibu kila uchaguzi katika kazi hii una upande ambao kosa lake linarekebishika na upande ambao kosa likishatokea limetokea. Njia zote nilizozilinganisha hapa chini nimezipima kwa mizani hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Seti, nusu kwa nusu, au kila kitu kwa mkono

Seti ni sanduku lenye kiwiliwili kilichokwisha kukatwa na kuchimbwa, shingo iliyokwisha kutiwa freti, daraja (kipande kinachobeba nyuzi upande wa kiwiliwili), funguo za kukazia nyuzi, pikapu na waya zake. (Pikapu hapa ni ile sumaku yenye koili chini ya nyuzi, si gari.) Kichwa cha shingo mara nyingi huachwa kipana kama koleo ili ukikate umbo utakalo. Kazi inayobaki ni msasa, mafuta au rangi, kulehemu na kufunga.

Wenye karakana kubwa huwacheka wanaoanza na seti. Mimi siwacheki, kwa sababu seti inakufundisha ile sehemu ambayo hata anayechonga kila kitu hawezi kuikwepa, yaani kurekebisha. Kukata vijia vya nyuzi kwenye kizingiti, kile kipande cha mfupa mpakani mwa shingo na kichwa. Kukaza au kulegeza fimbo ya shingo mpaka, ukibonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, katikati ubaki upenyo wa kama milimita 0.3. Kushusha nyuzi mpaka ziwe kama milimita 2 hadi 2.5 juu ya freti ya 12. Besi ya seti iliyofanyiwa haya kwa uvumilivu hupigika kuliko besi ya kuchonga iliyofungwa nyuzi kwa pupa. Ubaya wake ni kwamba maamuzi karibu yote yameshafanywa na mtu usiyemjua, vifaa vya umeme kwa kawaida ni vya hali ya chini, na matundu ya skrubu unayakuta yalivyo. Nimewahi kupokea seti ambayo daraja lake lilikuwa limetobolewa pembeni ya mstari wa katikati, uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, ukawa unatembea ukingoni mwa shingo. Nilijaza matundu kwa vijiti na gundi, nikatoboa upya. Hilo nalo ni somo, ila ukilipa pesa hutarajii somo la namna hiyo.

Njia ya pili ni kununua shingo iliyokamilika na kuchonga kiwiliwili mwenyewe. Kama hutaki kusoma zaidi ya hapa, shika hii. Kiwiliwili hubeba umbo, shingo hubeba usahihi. Ukingo wa kiwiliwili ukikosewa milimita mbili, hakuna sikio litakalogundua. Unaulainisha tu na kudai ulikusudia. Freti ya 12 ikikaa milimita moja nje ya mahali pake kwenye besi ya kawaida, noti inahama karibu senti 4, kwa hesabu ya wanamuziki ya kugawa kila nusutoni, yaani hatua ya freti moja, katika senti 100. Milimita hiyohiyo kwenye freti ya 20 inafikia senti 6 na zaidi, kwa sababu uzi uliobaki ni mfupi. Freti moja ikiwa hivyo utaivumilia. Zikiwa tano, kila moja na upande wake, besi itakuwa inabishana na kinanda wimbo mzima.

Ukiishika njia hii, shingo inunuliwe kwanza, na mbao ya kiwiliwili isiguswe mpaka shingo iwe mkononi. Tundu la kuikalisha shingo huchorwa kwa kuifuata shingo yenyewe, wala si kwa vipimo vya kuambiwa. Kiwiliwili cha kawaida kina unene wa milimita 44 na tundu hilo lina kina cha kama milimita 16. Lichimbe kwa ruta (mashine ya umeme ya kuchimbia mbao) na kiolezo cha mbao, kwa awamu za milimita 3 au 4, sio zote kwa mkupuo. Kipimo cha mwisho ni cha mikono: shingo ikishindiliwa bila skrubu, ukainua kiwiliwili kwa kuishika shingo peke yake na kisianguke, umepata. Asiye na ruta anaweza kutoboa matundu mengi kwa drili na kumalizia kwa patasi kali. Inachelewesha, lakini patasi haijawahi kumrukia mtu na kumharibia kiwiliwili ndani ya sekunde moja, na ruta imenifanyia hivyo mara mbili.

Kisha kuna njia ya tatu, ile ya kuchonga kila kitu. Hapa ndipo utamu ulipo, sitadanganya. Freti hupangwa kwa hesabu moja tu: gawa urefu wa uzi kwa 17.817, jibu ni umbali wa freti ya kwanza kutoka kizingitini; urefu uliobaki ugawe tena kwa nambari hiyohiyo upate hatua ya kufikia ya pili, uendelee hivyo. Kwa uzi wa inchi 34, yaani milimita 863.6, freti ya kwanza inaangukia milimita 48.5, ya pili 94.2, na ya 12 inaangukia nusu kamili, 431.8. Kanuni ya kuandika ukutani: kila freti ipimwe kutoka kizingitini, kamwe usipime kutoka freti iliyotangulia. Ukipima moja baada ya nyingine, robo milimita ya kosa huzaliana, na ukifika freti ya 15 una ukoo mzima wa makosa.

Vifaa navyo huongezeka. Utahitaji msumeno mwembamba wa kukata mfereji wa freti wenye upana wa kama milimita 0.6, kibao cha msasa chenye mbonyeo wa kuupa ubao wa vidole mgongo wake, tupa za kusawazisha freti, na klampu nyingi kuliko unavyodhani. Mbao ya shingo ndiyo iliyo na masharti zaidi. Tafuta ubao ambao pete za mti, ukiutazama kwa mwisho wake, zimesimama wima, au gundisha vipande vitatu virefu huku cha katikati kikigeuzwa kichwa chini ili vizuiane kujikunja. Nyuzi nne za besi zikikazwa huvuta kwa pamoja kwa zaidi ya kilo 70, usiku na mchana. Ubao uliojipinda kidogo sebuleni utajipinda sana ukiwa chini ya mvuto huo, na fimbo ya chuma hurekebisha upinde wa mbele na nyuma tu. Shingo iliyosokoteka kama kamba fimbo haiwezi kuisaidia.

Kwa hiyo anayeng'ang'ania njia ya tatu namshauri achonge shingo kabla ya kiwiliwili. Shingo ikikataa, umepoteza ubao mmoja mrefu na wiki chache, na unaweza kununua nyingine ukahamia njia ya pili bila mtu kujua.

Shingo inashikaje na kiwiliwili?

Hili ndilo swali ambalo watu hubishana zaidi kwa sababu ya sauti, na ambalo mimi nalijibu kwa sababu ya milimita.

Shingo ya skrubu ni ile ya Precision Bass, besi ya umeme ya muundaji wa magita Leo Fender iliyotoka mwaka 1951: skrubu nne kupitia bamba la chuma, kwisha. Fender alitaka gita linaloundika kwa haraka na kutengenezeka kwa haraka, na faida hiyohiyo ndiyo inayomfaa mtu wa nyumbani. Shingo imekaa chini mno? Weka kipande chembamba cha mbao au kadi ndani ya tundu. Imesokoteka baada ya miaka mitatu? Fungua skrubu nne, weka nyingine.

Shingo ya gundi huingia kwenye kiwiliwili kama ulimi wa mlango na haitoki tena kirahisi. Kawaida huinamishwa kwa digrii chache ili nyuzi zifikie daraja lililo juu zaidi. Sasa hesabu: kutoka mwisho wa ubao wa vidole hadi darajani ni kama milimita 270. Pembe ikikosewa digrii moja tu, kufika darajani kosa limekuwa karibu milimita 5. Daraja la kawaida halina nafasi ya kurekebisha milimita 5. Kwenye skrubu ungeweka kadi. Kwenye gundi unatafuta mvuke na kisu chembamba, na machozi yako mwenyewe. Anayetaka njia hii aikalishe shingo bila gundi, aweke rula ndefu juu ya freti mpaka darajani, apime, alale, kesho yake apime tena, ndipo afungue chupa.

Ya tatu ni shingo inayopita katikati: boriti moja kutoka kichwani hadi mkiani, na mabawa mawili yakagundishwa ubavuni. Kampuni ya magita ya Rickenbacker walikuwa nayo kwenye besi yao ya 4000 mwaka 1957, na wenzao wa Gibson wakaifuata kwa besi ya Thunderbird mwaka 1963. Inapendeza machoni, na mkono hufika freti za juu bila kugonga kisigino cha shingo. Halafu, cha ajabu, kuijenga kuna urahisi wake: hakuna tundu la kulenga, mabawa ni kugundisha tu. Lakini kila kitu kimewekwa juu ya ubao mmoja. Ukinunua ubao mrefu wa mbao nzuri na shingo ikasokoteka, hakuna cha kufungua wala cha kubadilisha.

Na sauti? Watasema ya gundi inavuma kwa muda mrefu zaidi, na ya kupita katikati zaidi ya hapo. Nimeziunda zote tatu. Ninachokisikia kwanza ni nyuzi kama ni mpya au zimechoka, kisha mahali pikapu ilipo, kisha mkono wa mpigaji. Tofauti ya kiungo, kama ipo, imejificha nyuma ya hayo matatu, na mimi nisingeichagulia njia isiyo na kurudi.

Inchi 34 au 30

Urefu wa uzi hubadilisha gita kuliko mbao yoyote. Inchi 34 ndicho kipimo cha kawaida, nyuzi zake hupatikana kila mahali, na uzi wa E wa chini kabisa, wenye mitetemo 41.2 kwa sekunde, hukaza vizuri. Inchi 30, yaani milimita 762, ni za besi fupi. Kutoka freti ya kwanza hadi ya nne kidole hutembea kama sentimita 13 kwenye ndefu na sentimita 11.4 kwenye fupi. Kwa mkono mdogo, au kwa anayetoka kwenye gita la kawaida, hiyo sentimita moja na nusu ndiyo inayoamua kama atafanya mazoezi jioni au hatafanya.

Kifundi, fupi ina huruma upande mmoja: kwa uzi wa unene uleule na noti ileile, mvuto hupungua kwa karibu asilimia 22, kwa hiyo shingo haichoshwi sana. Upande wa pili inadai, maana milimita moja ya kosa kwenye freti huhamisha noti zaidi kidogo, na uzi wa E uliolegea hupiga kelele kwenye freti usipotafuta nyuzi nene kidogo. Kama shingo unainunua, chagua kwa mkono wako. Kama unaichonga mara ya kwanza, ningesema fupi. Ubao mfupi ulionyooka ni rahisi kupatikana kuliko mrefu.

Freti au bila freti

Wapo wanaoona besi isiyo na freti ni njia ya mkato: hakuna kukata mifereji, hakuna kusawazisha vyuma 20. Ni kweli kazi inapungua mezani, ila inahamia kwenye kidole cha mpigaji, na huko haiishi. Isitoshe ubao wa vidole usio na freti lazima uwe sawa mahali pote, kwa kuwa uzi hugusa mbao yenyewe. Bonde dogo ambalo freti zingelificha litavuma kama nyuki. Mbao iwe ngumu, na mpingo unafaa sana, maana nyuzi za chuma zilizosokotwa hula ubao laini kama msasa. Mpiga besi Mmarekani Jaco Pastorius, aliyeipa besi ya namna hii jina kubwa, aliupaka ubao wa Jazz Bass yake (besi nyingine ya Fender) ya mwaka 1962 epoksi ya kupakia mashua baada ya kung'oa freti.

Kuna njia ya katikati ninayoipenda: kata mifereji ya freti kama kawaida, kisha jaza vipande vyembamba vya mbao nyeupe. Unapata mistari ya kuongoza macho, na siku ukichoka kutafuta noti kwa kidole unaweza kuviondoa na kuingiza freti.

Vumbi la mpingo na ndugu zake huwasha ngozi na kifua. Barakoa, hata kama ni kipande kimoja cha dakika tano.

Pikapu na waya

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu karibu kila kitu kinaweza kubadilishwa baadaye, isipokuwa tundu. Pikapu iliyogawanyika ya Precision, ya mwaka 1957, ina nusu mbili zinazofutiana mvumo wa umeme, kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha toni. Mtindo wa Jazz Bass, wa mwaka 1960, una pikapu mbili. Zikifunguliwa zote sawasawa mvumo hufutika, ukifunga moja unarudi. Jazz ina rangi nyingi za sauti, Precision ina moja iliyoshiba. Kwa besi ya kwanza, Precision: tundu moja, waya chache, na bamba la plastiki la kufunika patasi iliyoteleza.

Saketi yenye betri ya volti 9 au isiyo na betri? Anza bila. Potensiomita (vitufe vya kuzungusha) za kilohmu 250, kapasita ya toni ya mikrofaradi 0.047, basi. Ila chumba cha vitufe kichimbe kikubwa kuliko kinavyohitajika leo, ili betri ikija kesho ipate pa kulala. Na kabla ya kupaka chochote, hakikisha umetoboa njia ya waya kutoka pikapu hadi chumba hicho, na nyingine ndogo ya waya wa kwenda darajani, unaounganisha nyuzi na saketi ili mvumo utulie ukizishika. Nilisahau ya pili kwenye besi yangu ya kwanza. Gita likawa linanguruma kama jokofu bovu, na halikunyamaza hata niliposhika nyuzi, jambo ambalo lilinichukua siku mbili kulielewa.

Mafuta au rangi ya kunyunyizia

Rangi ya kunyunyizia na vanishi ngumu hung'aa na hukinga vizuri zaidi, lakini hudai chumba kisicho na vumbi, tabaka nyingi, wiki za kusubiri, na mkwaruzo mmoja huonekana milele. Mafuta ya kitani au ya mbegu za mti wa tung hupakwa kwa kitambaa jikoni, na mkwaruzo hufutwa kwa msasa laini na mafuta zaidi. Kwa mizani yangu mafuta yanashinda bila ubishi. Hatari yao ni moja na ni kubwa: vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto vyenyewe mpaka vikawaka. Vitandaze nje vikauke, au viloweke kwenye ndoo ya maji.

Aina ya mbao ya kiwiliwili sitaibishania. Iwe kavu, iwe imekaa ndani ya chumba chako wiki kadhaa kabla ya kukatwa, na isiwe nzito. Pembe ya juu ya kiwiliwili ifike karibu na usawa wa freti ya 12, pale mkanda utakapofungwa. Ikiishia kabla ya hapo, kichwa chenye funguo nne za chuma kitaanguka kuelekea sakafuni kila ukiachia mkono.

Kabla ya tone la kwanza la mafuta

Njia yoyote utakayochagua, funga gita zima likiwa mbao tupu. Shingo, daraja, funguo, nyuzi, hata pikapu ikiwezekana. Daraja lisitobolewe kwa kufuata mchoro: funga nyuzi mbili za pembeni kwanza, E na G, lisogeze mpaka zipite kwa umbali sawa kutoka kila ukingo wa shingo. Vipande vya daraja vinavyobeba nyuzi viwe na nafasi ya kurudi nyuma, maana wa E utahitaji kukaa milimita chache nyuma ya wa G ili noti ya freti ya 12 ilingane na uzi mtupu. Ndipo uweke alama za skrubu. Kisha kaza nyuzi zote mpaka kwenye noti zake na uliache gita ukutani juma zima. Lishushe, pima tena upenyo wa shingo, pima urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12, cheza nusu saa ukisikiliza wapi panapiga kelele. Kosa linaloonekana siku hiyo bado ni la patasi na kadi. Likionekana baada ya mafuta, utaanza na msasa upya.